Bahari Iko Hapo, Lakini Tangi Limetoka Arusha

Kufuga matumbawe Arusha ni rahisi kuliko kuyafuga Unguja. Nikilisema hili barazani watu hucheka, na sishangai, maana kutoka kwangu Mbweni hadi ufukweni ni mwendo wa miguu, na Arusha hata ukipanda kilele cha Meru bahari huioni. Lakini nazungumzia tangi la kioo sebuleni. Kule bara hakuna cha kukushawishi: maji unayatengeneza mwenyewe kwa chumvi ya paketi, unayapima, na kilichomo tangini ndicho hicho hicho hadi mwezi ujao. Huku kila tatizo linaonekana kama dawa yake iko chini ya mteremko. Maji yamekuwa na ukungu? Kachote mengine. Jiwe limepauka? Kaokote jingine maji yakipwa. Nimeona matangi kadhaa yaliyofika kisiwani mazima yakamalizwa na misaada ya namna hiyo, wala si na safari.

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Arusha nilikaa miaka mingi, na huko ndiko nilikopatwa na ugonjwa huu wa kufuga bahari ndani ya nyumba. Kazi ilipokwisha nikarudi nyumbani, na tangi nikarudi nalo: kioo cha lita 400, mawe, matumbawe laini na machache magumu, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, samaki kangaja mmoja mwenye hasira, kamba wa mistari myekundu na konokono ambao idadi yao hakuna aijuaye.

Jirani yangu ni mvuvi aliyestaafu, mtu mzima, namwita Ami. Gari ilipokuwa inashusha mzigo alisimama langoni, tasbihi mkononi, akitazama mapipa yakipita.

"Mwanangu," akaniambia, "bahari ile pale. Hii ya bara umeibeba ya nini?"

"Sikubeba maji, Ami. Nimebeba mawe."

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake kusali alasiri.

Lakini ndivyo ilivyo. Kwenye tangi la bahari mfanyakazi ni jiwe. Samaki akila, kupitia matamvua yake na kinyesi chake hutoka amonia, na amonia ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki na matumbawe huivumilia kwa kiasi chake. Bakteria hawa wengi wao hawaelei majini. Wameganda juu ya mawe na ndani ya vitundu vyake, kwenye mchanga, ndani ya mipira, kwenye sifongo la kichujio. Aliyemwaga maji yote ya zamani akabaki na mawe yaliyolowa, tangi lake bado analo. Aliyehifadhi maji yote kwenye madumu akayaacha mawe yakauke juani, anayo madumu ya maji machafu.

Na kulowa peke yake hakumalizi kazi. Mawe yangu yalisafiri yamezamishwa ndani ya mapipa, pampu ndogo za betri zikiyapulizia hewa. Kuna wanaoyafunga kwa magazeti yaliyolowa maji ya chumvi, na bakteria hufika salama kwa njia hiyo. Ila ndani ya jiwe wanaishi wengine: sifongo, minyoo, viumbe ambavyo mwenye tangi hata hajui anavyo. Vikikaa hewani, baadhi hufa. Vikifa huoza, na kuoza ni amonia. Ndiyo maana tangi lililohama hupitia kipindi kibaya hata pale ambapo kila kitu kilifungwa kwa uangalifu. Hiki kipindi usikitafutie mchawi, kinatarajiwa.

Mchanga ni hadithi nyingine. Mchanga uliotulia kwa miaka una uchafu wake chini, mahali pasipo na oksijeni, na wakati mwingine una gesi yenye harufu ya yai viza. Ukiuchota, ukautikisa barabarani usiku kucha na kuumwaga tena tangini, umemwaga uchafu wa miaka yote hiyo kwa siku moja. Nilichukua kopo moja la tabaka la juu kwa ajili ya mbegu ya bakteria. Uliobaki sikuupakia. Watu wengi hapa hunibishia, kwa kuwa mchanga ule wa matumbawe huuzwa ghali na roho huuma kuuacha.

Barabara ya kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 600, na kinachosumbua samaki zaidi ya urefu wake ni mteremko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Samaki anafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, mfuko ndani ya mfuko, kisha anawekwa ndani ya deli. Tulisafiri usiku, maana ukanda wa Same na Mombo mchana hauna huruma. Tulipopumzika Mombo dereva akafungua deli, akamulika tochi, akaniita kwa sauti: "Fundi, mifuko yako inavuja!" Kweli ilikuwa imelegea, plastiki imenywea juu ya migongo ya samaki. Lakini chini ya deli palikuwa pakavu. Hewa iliyofungwa kule juu, ambako mgandamizo ni mdogo, ikishuka hadi pwani husinyaa kwa karibu sehemu moja katika saba. Aliyezoea kujaza gesi kwenye friji hili halimtishi. Kwa hiyo anayeshuka kutoka nyanda za juu akaze mifuko vizuri, na anayepandisha samaki kutoka pwani kwenda juu aiache na ulegevu, isije ikapasuka njiani.

Samaki nilivuka nao boti ya abiria. Mzigo mkubwa ulikuja na meli ya mizigo na ukakaa bandarini muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa. Betri za pampu nilikuwa nikizibadilisha mwenyewe pale Malindi, mahamali na marikwama yao wakinipita na kuulizana kama huyu bwana amebeba maiti au vipi. Wakati huo wote samaki walikaa kwenye beseni kubwa nyumbani, na kilichowaokoa ni sifongo la kichujio nililolibeba mkononi likiwa limelowa. Kipande kile cha sifongo, chenye rangi isiyopendeza na harufu ya pwani, kilikuwa na bakteria wa kutosha kuwasafishia samaki wachache maji yao. Anayehama na asiweze kubeba kingine chochote, abebe hicho.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kulikazia, nalo ni kufungua mfuko.

Karibu kila anayefuga samaki amefundishwa kwamba mgeni aingizwe taratibu: unafungua mfuko, unadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima au zaidi, ndipo unamhamisha. Kwa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili, sawa. Kwa samaki aliyekaa ndani ya mfuko usiku kucha na mchana wake, kufanya hivyo ni kumuua kwa adabu. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua, hewa ya kaboni inajikusanya, na pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu wake, inashuka. Amonia nayo inaongezeka, lakini pH ikiwa chini sehemu kubwa yake hukaa katika umbo lisilo na ukali. Ukikata mfuko, kaboni inatoka na pH inaanza kupanda. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka takriban mara kumi, huku samaki bado yumo humo humo anasubiri matone yako. Wangu niliiacha mifuko yao ielee bila kufunguliwa hadi joto lilingane. Chumvi ya maji ya beseni nilikuwa nimeilinganisha na ya mfuko tangu mapema. Nikakata, nikawachota kwa kikombe, nikawahamisha palepale. Maji ya mfuko yakamwagwa nje.

Sisi huku tunasema mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza. Kwa samaki mgeni geuza: siku ya kwanza asipewe kitu. Tumbo likiwa tupu hachafui maji, na bakteria waliobaki juu ya mawe wanapata nafasi ya kuhesabiana. Taa nazo ziwe zimezimwa. Matumbawe yote niliyapanga chini kabisa, penye kivuli, hata yale yaliyozoea kukaa juu karibu na taa, na baadaye nikaiwasha taa kwa nusu ya nguvu yake ya zamani, nikaipandisha kidogo kidogo kwa wiki tatu. Tumbawe lina wapangaji ndani ya mwili wake, mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ambao hutumia mwanga na kumlisha mwenye nyumba. Likichoka safarini kisha likapigwa taa kali, huwafukuza wapangaji wake, linabaki jeupe. Likiwa jeupe halijafa bado. Lina njaa, na likiachwa kwenye utulivu linaweza kuwarudisha.

Wiki za kwanza zilikuwa za sura mbaya, sitaki kumdanganya mtu. Amonia ilionekana kwenye kipimo, nikabadilisha sehemu ya maji na kuweka mkaa wa kuchujia. Kisha vumbi la kahawia likafunika mchanga mpya na kioo. Baada ya hapo zikaja nywele za kijani kwenye mawe, na pembeni utando mwekundu wa kunata. Wote hawa ni wa kupita. Wanatumia nafasi iliyoachwa wazi na waliokufa, na wenye mahali pao wakirudi wanasukumwa. Konokono walifanya kazi yao usiku. Mimi nilifuta kioo cha mbele tu, ili mke wangu aache kuniuliza kama lile bado ni tangi au limekuwa kisima.

Kosa ninaloliona kwa wengi katika kipindi hiki ni usafi. Mtu anaona uchafu wa kahawia, anasugua mawe, anaosha sifongo kwa maji ya bomba, anaweka dawa ya kuondoa fosfeti, kisha nyingine ya kuondoa nitreti, hadi kipimo kinasoma sifuri. Tangi lenye sifuri kila upande huwa linamwalika mgeni mbaya kuliko wote: ute wa kahawia wenye nyuzi na mapovu madogo, unaosafishwa asubuhi na kurudi jioni. Matumbawe yanahitaji nitreti kidogo na fosfeti kidogo sana. Kwangu naridhika nitreti ikicheza kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na siigusi.

Tumbawe la ngozi lilinipa somo la subira, au niseme liliipa familia yangu. Hili ni tumbawe laini, kama uyoga mnene wa rangi ya maziwa yenye kahawia, na siku njema juu yake husimama vidole vingi vidogo vikicheza na mkondo. Lilipofika lilijifunga. Vidole vikazama, ngozi ikawa laini na kung'aa, kama imepakwa nta, na vumbi la tangi likaanza kuganda juu yake. Binti yangu akaliandikia cheti cha kifo. Nililisogeza kidogo mahali penye mkondo wa pampu, nikaliacha. Halafu utando ule ukaanza kubanduka: kwanza ukingoni, kipande chembamba kama karatasi ya vitunguu kikipepea majini, kisha mwingine, hadi ukatoka wote, na chini yake ngozi mpya, safi. Vidole vikachomoza upande mmoja tu mwanzoni, ule uliokuwa unaelekea pampu. Tumbawe la ngozi hujivua hivyo likisumbuliwa. Anayelitoa kulisugua kwa mswaki, na nimeona mtu akifanya hivyo, anaichuna ngozi ambayo haijawa tayari.

Lililokufa kweli hukujulisha kwa pua. Tumbawe moja gumu, la matawi, lilianza kumenyuka kutoka shinani, nyama ikiachana na mfupa mweupe kuelekea juu, na hilo halikurudi. Jingine, lenye vichwa vinono vinavyoyumba, likatokwa na ute wa kahawia unaonuka. Huo huenea haraka, kwa hiyo nilivunja kichwa kilichougua nikakitupa, viwili vilivyobaki vikapona. Kamba naye aliacha gamba lake zima katikati ya mchanga. "Kamba wako kafa," nikaitwa kutoka jikoni. Hakufa, kavua nguo. Alikuwa nyuma ya jiwe, laini na mwenye haya, akisubiri gamba jipya likaze.

Ami alikuwa anafuatilia haya yote kutoka dirishani, na kila akipita alikuwa na pendekezo lile lile. "Nitamwambia kijana akuletee maji ya Kizimkazi. Masafi, ya nje ya mwamba. Umwage hayo ya chumvi ya dukani." Alikuwa na haki kuhusu usafi wa maji hayo. Bahari iliyo wazi ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo ya maji, kalsiamu ya karibu miligramu 410 kwa lita, na kila madini yamo kwa kipimo ambacho hakuna kiwanda kinachokiiga barabara. Tatizo ni kaboneti, ile tunayoipima na kuiita KH. Bahari ina KH ya 7 hivi. Chumvi nyingi za paketi hutengenezwa ziwe juu ya hapo, na matumbawe yangu Arusha yalizoea 10. Ukiyahamisha kutoka 10 kwenda 7 kwa pipa moja la maji safi ya Kizimkazi, umeyabadilishia msingi wanaojengea mifupa, tena wiki ile ile waliyotoka kwenye gari. Matumbawe yanaweza kuishi kwenye 7, maana huko ndiko yalikotoka babu zao. Yanaweza kuishi kwenye 10. Kurukia kutoka huku hadi kule ndiko kunakoyamenya.

Kwa hiyo nilikataa kwa heshima, nikaendelea na chumvi ya paketi hadi vipimo viliponyooka na tumbawe la ngozi likawa linafungua kila asubuhi. Ndipo nikaanza kuchanganya: sehemu ndogo ya maji ya bahari kwenye kila badiliko, nikihakikisha KH haishuki hata digrii moja kwa siku. Sasa natumia ya bahari peke yake, na mfuko wangu umeshukuru.

Ami alipoona nimekubali alinipa elimu ambayo kwenye paketi ya chumvi haipo. Maji usiyachote yakiwa yanapwa, kwa sababu yanatoka na tope la mikoko na kila kilichoko pwani, subiri yajae. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka hadi kama mita 4 huku kwetu, na mkondo hukokota mchanga na takataka; maji mafu ni matulivu zaidi. Masika usichote juu juu baada ya mvua kubwa, maji ya mvua huelea juu ya ya bahari, utapata maji yaliyopoa chumvi. Mimi naongeza langu: upande wa Malindi na Funguni sichoti hata ya kuoshea ndoo, maana maji machafu ya mji mwisho wake ni huko. Yakifika nyumbani nayachuja kwa kanga iliyochakaa, nayaweka kwenye pipa lenye kifuniko gizani, na pampu ya hewa ndani. Maji ya bahari yana viumbe vidogo visivyoonekana. Gizani hufa, huoza, na baada ya siku kadhaa maji hutulia. Yakimwagwa tangini mabichi, kuoza kwenyewe hufanyika mbele ya samaki wako.

Joto ndilo lililonikumbusha kwamba nimerudi nyumbani. Arusha kazi yangu ilikuwa kupasha maji. Unguja, kaskazi ikivuma, bahari yenyewe hukaribia digrii 30, na tangi la sebuleni lenye taa na pampu hupita hapo bila kuombwa. Matumbawe hayana nafasi kubwa ya kuvumilia: baharini digrii moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, ikidumu kwa wiki kadhaa, inatosha kuyapausha. Mwaka 1998 yalipauka magharibi kote kwa Bahari ya Hindi, na 2016 tena. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanalijua hili bila kipimajoto, kwa kuwa kotoni, aina ya mwani wanaoulima, ndiyo ya kwanza kufa maji ya kina kifupi yakichemka.

Wengi hukimbilia kununua mashine ya kupoza maji. Mimi ndiye ninayezifunga mashine hizo na bado nasema anza na feni. Elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, maji yatoke kwa mvuke. Lita moja ikiondoka kwa mvuke inaondoka na joto la kutosha kushusha lita 400 kwa karibu digrii moja na nusu. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, feni hupungukiwa nguvu, na hapo kiyoyozi cha chumba husaidia. Mashine ya kupoza nayo inalo lake: joto inalolitoa majini hulimwaga chumbani, na ukiifungia ndani ya kabati lisilo na upenyo itakuwa inapoza maji ambayo yenyewe inayapasha.

Kinachotoka kwa mvuke ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo cha kujazia ni maji yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Bahari iko jirani, mtu anajazia kwa ndoo ya bahari, na baada ya muda anashangaa kwa nini chumvi imepanda hadi konokono hawatembei. Wala maji ya kisima hayafai: ardhi yetu hii ni mawe ya matumbawe ya zamani, maji yake yamebeba chokaa, na mijini hubeba na mengine. Nanunua maji yaliyochujwa kwa mashine, yale ya madumu ya kunywa, baada ya kuyapima.

Umeme, sitasema mengi. Anayekumbuka kisiwa kilivyokaa gizani kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hahitaji kuelezwa kwa nini nina inveta. Ukikatika, cha kwanza kuokoa ni hewa. Taa zinaweza kusubiri hata siku mbili, na chakula kisitiwe kabisa.

Watoto wa mtaani walipozoea kuja kutazama, likazuka swali ambalo nililitarajia: kwa nini nisiwaachie wale samaki wa chungwa baharini wakaishi na wenzao? Hawana wenzao huku. Sisi tuna jamaa zao, wanaokaa ndani ya anemoni vilevile, lakini hawa wangu ni wa mashariki ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, wamezaliwa kwenye ndoo za mfugaji. Kumwaga viumbe vya tangini baharini ni hatari ya kweli. Kule Florida, Marekani, tangu miaka ya 1980 wanapambana na samaki mwenye mapezi ya miiba ya sumu anayetoka bahari za upande wetu, na inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Kinyume chake nacho hakiruhusiwi kwangu: sichukui tumbawe mwambani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hata hapa nchini kuyatoa baharini bila kibali ni kosa. Kipande kikivunjika tangini nakigandisha kwenye kijiwe, kinakuwa tumbawe jipya. Ninavyo vingi sasa, na ndivyo ninavyogawa.

Kimoja kimeshaahidiwa. Kuna bwana anahamia Fumba kutoka Dodoma na tangi lake, na tumekuwa tukizungumza kwenye simu karibu kila usiku. Deli ameshapata, betri za pampu ameshanunua, sifongo la kichujio nimemwapisha alibebe mkononi. Jana akaniuliza kuhusu mchanga, magunia mawili, alioununua kwa bei ambayo hakutaka kuitaja. Nimemwambia auache Dodoma. Amenyamaza, kisha akasema ataongea na mkewe.